UZI: Kupunguza gharama ya simu bila kukosa netiweki – Nakuru, Kisumu na Magharibi

Sasi_wa_Kondele (#1)

Wakubwa, hamjambo. Kila wiki mtu huja humu kuuliza kama ahame mtandao ili apunguze matumizi. Naweka hesabu na hatua hapa mara moja. Mwenye kusahihisha asahihishe.

Tuanze na mkanganyiko mkubwa kabisa. Kuhama na nambari yako ni jambo moja, kununua laini ya pili na kuigawia kazi ni jingine. Kuhama na nambari kumeruhusiwa Kenya tangu Aprili 2011. Unaenda kwenye duka la mtandao unaouendea, si ule unaoutoka, na kitambulisho halisi, unajaza fomu, unapewa kadi mpya. Nambari ikishavuka, kadi ya zamani inakufa. Ni huduma halali, ila waliowahi kuitumia ni wachache sana, kwa sababu M-Pesa haihami. Nambari ikitoka Safaricom, akaunti ya M-Pesa inafungwa, na M-Shwari (akiba na mikopo) na Fuliza (mkopo wa kujazia malipo) zinaenda nayo.

Kwa hivyo kwa watu wengi huku kwetu jibu ni kugawa kazi. Nambari ya zamani ibaki ya pesa na ya kupokea simu. Laini mpya iwe ya bando na ya kupiga. Kadi mpya ina kodi yake ya bob 50 tangu 2022, lakini hiyo unailipa mara moja tu.

Kabla ya kununua chochote, pima matumizi yako kwa siku 30. Kwenye Android fungua mipangilio, mtandao, matumizi ya data, uweke mzunguko uanze tarehe moja. Kwa upande wa simu, pitia orodha ya ulizopiga uhesabu dakika: ngapi zimeenda nambari za Safaricom, ngapi Airtel, ngapi kwingine. Usikisie. Mtu anayedhani anapiga sana huwa ni mtu wa WhatsApp, na anayedhani anamalizwa na WhatsApp unakuta ni video zinazojicheza zenyewe Facebook.

Kisha gawa bei kwa MB ulizotumia, si ulizopewa. Mfano wa hesabu tu: bando la bob 50 lenye MB 500 la siku moja, ukitumia MB 200 likaisha muda, umelipa senti 25 kwa kila MB. Bando la bob 100 lenye MB 500 lisiloisha muda, ukilitumia lote, ni senti 20. Lile lililoonekana ghali ndilo rahisi. Angalia pia kama "siku" maana yake ni saa 24 au ni hadi saa sita usiku. Ukinunua la saa sita usiku saa tatu jioni, umenunua saa tatu tu.

Sasa dakika. Mtandao mmoja ukipeleka simu kwa mwingine, unalipa ada ya kuunganisha. Ada hiyo ilikuwa senti 99 kwa dakika, ikashuka hadi senti 58 Agosti 2022, kisha hadi senti 41 Machi 2024. Ndiyo maana bando nyingi za dakika tele ni za ndani ya mtandao huohuo: hapo kampuni haimlipi mtu. Kama watu wako tisa kati ya kumi wako Safaricom, dakika elfu moja za Airtel kwa Airtel hazikusaidii lolote. Tafuta bando lililoandikwa wazi "mitandao yote", na hesabu hizo peke yake.

Ushuru msitafute pa kuukwepa. Ushuru wa bidhaa juu ya kredo na data ni asilimia 15 tangu Julai 2023 (ulikuwa 20), na VAT ya 16 iko juu yake, kwa kampuni zote sawa.

NjoroKwaBaridi (#2)

Shukrani mkubwa. Bei nimeelewa. Mimi linalonisumbua ni netiweki. Ramani za kampuni zote zimepakwa rangi kuanzia Njoro hadi Mau Narok, na kila mtu anajua kuna mabonde huku simu hulia "hapatikani". Mtu atajuaje kabla hajatoa pesa?

Minara254 (#3)

Ramani zile hutengenezwa na kompyuta zikimkadiria mtu aliyesimama nje, penye uwazi. Hazijui nyumba yako ina mabati juu na ukuta wa mawe. Lazima upime mwenyewe, na njia rahisi ni kuazima laini ya jirani kwa saa moja au kununua kadi na bando dogo kabisa.

Usiamini vijiti vya netiweki. Kila kampuni inayotengeneza simu huvichora inavyotaka. Tafuta namba yenyewe. Kwenye Android nyingi piga *#*#4636#*#* ufungue taarifa za simu. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Tafuta panapoandikwa RSRP au nguvu ya mawimbi kwa dBm. Ni namba hasi, na inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Kwa 4G, kati ya -70 na -90 ni safi. -100 inafanya kazi ila video zitasitasita. -110 utatuma ujumbe na simu zitakatika ukitembea. Ikifika -120 hiyo laini hapo haipo, hata kama simu inaonyesha kijiti kimoja kwa heshima.

Andika namba hiyo sehemu nne: kitandani, jikoni, kazini, na mahali unaposubiri matatu. Pima mchana, kisha urudie kati ya saa moja na saa nne usiku. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukipata -80 saa nane mchana na intaneti inakimbia, halafu saa mbili usiku ni -80 ileile na ukurasa haufunguki, mnara uko karibu lakini umejaa watu. Hiyo utaiona sana penye hosteli nyingi, kama Njoro karibu na Egerton, Maseno, au Lurambi karibu na Masinde Muliro. Kusogea dirishani hakutasaidia. Mtandao wenye wateja wachache eneo hilo unaweza kukushinda kwa kasi hata kama mnara wake uko mbali zaidi.

Na msipime kwa zile programu za kupima kasi ovyoovyo. Kwenye 4G nzuri jaribio moja linaweza kumeza MB 100. Tuma picha ya MB 3 kwa WhatsApp uhesabu sekunde. Inatosha.

Tukija kwenye milima. Safaricom, Airtel na Telkom zote zina 4G ya 800 MHz (huitwa bendi 20), na Safaricom na Airtel zina pia 1800 MHz (bendi 3). Mawimbi ya 800 yanafika mbali na yanapenya ukuta vizuri zaidi. Ya 1800 yanabeba watu wengi lakini yanachoka upesi. Kwa hivyo mjini unaweza kuwa kwenye 1800 na kufurahi, ukienda shambani umebaki na 800 peke yake. Hakuna mawimbi kati ya hayo yanayopenya mlima, lakini. Anayekaa chini ya ukingo wa Nandi upande wa Miwani na Kibos, au ndani ya bonde la Subukia, au nyuma ya yale mawe makubwa ya Maragoli, swali lake si kampuni ipi ni nzuri. Swali ni boosta (mnara) ya nani iko upande wake wa mlima. Jirani aliye mita 300 juu yako anaweza kuwa na jibu tofauti na lako, na nyote mko sahihi.

Mabati nayo yanarudisha mawimbi. Nyumba ya mabati juu hadi ukutani inaweza kukula dBm 15 au 20, yaani -95 ya nje inakuwa -115 ndani. Kabla hujalaumu mtandao, weka simu kwenye dirisha linaloelekea mnara, washa hotspoti, na ukae ndani na simu nyingine.

Omera_wa_Dunga (#4)

Ongezea ziwa, Minara. Maji hayana milima wala miti, na mawimbi husafiri juu yake hadi mbali mno. Ukiwa Dunga au ufukwe wa Usenge simu inaweza kushika mnara wa ng'ambo wenye vijiti vyote, na ukipiga haiendi. Kwa 2G kuna sababu ya kiufundi: mnara wa kawaida haukubali simu iliyo zaidi ya kilomita 35, hata kama unasikika. Dawa ni kuzima na kuwasha hali ya ndege ili simu itafute mnara wa karibu, au kulazimisha 4G kwenye mipangilio. Mvuvi anayechagua laini apime akiwa kwenye mtumbwi, si gatini.

mama_duka_Luanda (#5)

Mulembe. Mmeongea data na minara, lakini pesa nyingi ya mwananchi huliwa kwenye kutuma na kutoa. Hebu tuzitazame hizo pia.

Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza Julai 2023, kutuma kati ya 101 na 500 ni bob 7, hadi 1,000 ni 13, hadi 1,500 ni 23, hadi 2,500 ni 33, hadi 3,500 ni 53. Kutoa kwa wakala kuanzia 101 hadi 2,500 ni 29 tu, na 2,501 hadi 3,500 ni 52. Kwa hivyo ukimtumia mama 3,000 kwa mkupuo, wewe umelipa 53 na yeye akitoa analipa 52. Jumla 105. Ukigawa ukatuma 2,500 na 500, wewe unalipa 33 na 7, yaani 40. Umeokoa 13. Lakini mwambie atoe zote 3,000 mara moja, kwa sababu akitoa 2,500 na 500 mbalimbali atalipa 29 mara mbili, ambayo ni 58. Kutuma gawanya, kutoa unganisha. Na kama anaenda dukani, asitoe kabisa. Alipe kwa nambari ya Till, maana mnunuzi hakatwi kitu hapo.

Airtel Money kwenda Airtel Money kutuma ni bure. Hapo akiba ni kubwa kweli kweli, ila mpokeaji awe na wakala wa karibu mwenye pesa mkononi. Mjini Kisumu au Nakuru si shida. Kijijini muulize wakala mapema kama anaweza kutoa elfu tano siku ya soko, la sivyo mzee atalipa boda bob 100 kwenda kutoa pesa uliyotuma bure. Tangu Aprili 2018 unaweza pia kutuma kutoka Airtel Money hadi M-Pesa, na tangu Aprili 2022 kulipa Till ya mtandao mwingine. Soma kiasi cha makato kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri.

NjoroKwaBaridi (#6)

Hii ya kugawanya nimeipenda. Sasa mitandao ya Faiba na Equitel mbona hamzitaji? Na simu ni ile ya Marekani iliyotumika, kuna shida?

Minara254 (#7)

Equitel haina minara yake. Inapanda juu ya mtandao wa Airtel, kwa hivyo ukipima Airtel nyumbani umeshapima Equitel. Tofauti yao iko kwenye bei na kwenye akaunti ya benki.

Faiba ilianza huduma ya simu Desemba 2017, nambari zake za kwanza ni 0747. Ni 4G tupu kwenye 700 MHz (bendi 28), haina 2G wala 3G ya kurudi nyuma. Maana yake kabambe (simu ndogo ya vitufe) haitafanya kazi, na hata simu janja lazima iwe na bendi 28 na iweze kupiga sauti juu ya 4G. Isipoweza, utapata intaneti bila simu za kawaida. Ni laini ya mjini zaidi, ya mtu wa data nyingi. Usiinunue kabla hujauliza jirani wa mtaa uleule.

Simu ya Marekani: baadhi ya hizo zilitengenezwa bila bendi 20, kwa sababu kule haitumiki. Ukiwa mjini hutajua, kwa kuwa bendi 3 inakushika. Ukifika shambani 4G inapotea na unalaumu kampuni. Andika namba kamili ya modeli (iko kwenye "kuhusu simu", si lile jina la biashara) kwenye tovuti ya sifa za simu uangalie kama kuna B3, B20 na B28. Hakikisha pia haijafungwa kwa kampuni ya huko. Weka laini yoyote ya hapa. Ikiomba msimbo wa kufungua, mrudishie muuzaji siku hiyohiyo.

Na kwa wote wanaoweka laini mbili, haya ndiyo huharibika.

Simu nyingi za laini mbili zina redio moja. Ukiwa unaongea kwenye laini A, laini B haipatikani na data yake inasimama. Si hitilafu. Kama biashara yako inategemea simu zinazoingia kwenye B, usipige simu ndefu kwa A.

Kuna kitufe cha "badilisha data kiotomatiki". Kizimeni. Netiweki ya laini ya bando ikishuka kidogo, simu inarukia laini ya M-Pesa na kula kredo bila bando. Hapo ndipo akiba ya mwezi huisha kwa alasiri moja.

Nafasi ya pili ya kadi mara nyingine ndiyo ileile ya kadi ya kumbukumbu. Chagua moja.

Laini isiyo na netiweki nzuri mahali unapolala humaliza betri kwa kutafuta usiku kucha. Izime kwenye mipangilio ukilala, bila kutoa kadi.

Intaneti ikikataa kabisa baada ya kuweka kadi mpya, huwa ni jina la APN (lango la intaneti la mtandao, kwenye mipangilio). Kwa Safaricom ni *safaricom*. Kwa mtandao mwingine omba lije kwa SMS, kisha zima na uwashe simu.

Boda_Busia (#8)

Watu wa mpakani tuna letu. Busia na Malaba simu huvuka mto bila pasi. Unaamka unaona MTN au Airtel ya Uganda, na data inasoma ya nje. Chagua mtandao kwa mkono badala ya kiotomatiki, na uzime data ya ughaibuni kabisa. Ukitaka kujua uko kwa nani, tarakimu za nchi ni 639 kwa Kenya na 641 kwa Uganda: 63902 Safaricom, 63903 Airtel. Jina la Airtel linachanganya kwa sababu liko pande zote mbili, kwa hivyo soma namba, si jina. Ukienda Kakamega au Eldoret rudisha kiotomatiki.

Mwalimu_Kabras (#9)

Mimi nitabisha kidogo. Sasi anasema kuhama na nambari hakuna maana kwa wengi. Kuna wenye nambari iliyochorwa kwenye mlango wa duka, kwenye gari, kwenye risiti, na pesa zao zinaingia kwa Till au Paybill iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Hao hawahitaji M-Pesa ya nambari hiyo. Kama mnara mpya umejengwa karibu nao na wa zamani unasumbua, si afadhali wahame na nambari yao?

Sasi_wa_Kondele (#10)

Mwalimu, hapo nakubali nusu. Kwa huyo inawezekana, lakini azingatie mambo mawili. Wateja wenye dakika za ndani ya mtandao wataendelea kudhani ni nambari ya Safaricom kwa kuangalia tarakimu zake za mwanzo, na bando zao hazitafanya kazi kwake. Wengine watapiga mara chache bila kujua kwa nini. Pia mashirika yanayoelekeza SMS kwa kuangalia tarakimu za mwanzo yanaweza kupeleka msimbo wa kuthibitisha kwa mtandao wa zamani, ukapotea. Ajaribu kwanza laini ya kawaida ya mtandao huo kwa mwezi mmoja dukani hapo, ndipo aamue.

Atakayehama na nambari afuate mpangilio huu, maana kosa hapa ni gumu kurudisha. Lipa Okoa Jahazi (kredo ya mkopo) na Fuliza mpaka sifuri. Toa pesa yote M-Pesa na M-Shwari. Kwa kuwa misimbo inaweza kupotea, nenda benki uweke laini yako nyingine kwenye arifa, kisha eCitizen (huduma za serikali), iTax (kodi) na SHA (bima ya afya), kabla nambari hii haijahama, kwa kuwa msimbo wa kuidhinisha mabadiliko unatumwa kwake. Hamisha WhatsApp au weka namba yake ya siri ya hatua mbili. Hifadhi majina kwenye simu, si kwenye kadi. Baada ya hapo ndipo uende dukani.

Anayeongeza laini tu hana kazi hiyo yote, lakini asajili kwa kitambulisho chake mwenyewe na aone muuzaji anavyofanya. Wale wa mwavuli barabarani wapo waaminifu, na wapo wanaosema "mfumo umekataa, tupige picha tena" na kusajili laini ya pili kwa jina lako. Ukimaliza piga *106# uone nambari za mtandao huo zilizo chini ya kitambulisho chako. Usiyoijua ikatae siku hiyo. Laini "iliyosajiliwa tayari" usiichukue hata kwa bure: ikipotea huwezi kuirudisha, kwa kuwa si yako.

Laini ya zamani nayo usiisahau. Iwekee kredo kidogo na kupiga simu moja kila mwezi. Laini iliyolala muda mrefu hufungwa na nambari huuzwa kwa mtu mwingine, na huyo mtu ndiye atakayepokea msimbo wa benki yako.

NjoroKwaBaridi (#11)

Na 5G je? Naambiwa Kisumu ipo.

Minara254 (#12)

Ipo. Kisumu na Kakamega zilikuwa kati ya miji ya kwanza Safaricom ilipoanza majaribio Machi 2021, na Airtel ikaingia 2023. Lakini uzi huu ni wa kuokoa pesa. Kwenye 5G video hupanda ubora yenyewe na bando linaisha kabla ya chai ya saa nne. Kama si ya nyumba nzima kwa malipo ya mwezi, acha simu kwenye 4G.

mama_duka_Luanda (#13)

Swali la mwisho. Laini ya zamani ikikosa netiweki dukani, simu za wateja zinapotea. Naweza kuzielekeza kwa mpya bila kuhama?

Sasi_wa_Kondele (#14)

Unaweza, mama. Kwenye laini ya zamani piga *62* ufuatishe nambari mpya na # mwishoni. Hiyo inaelekeza simu tu wakati laini haipatikani. Usitumie *21*, maana hiyo inaelekeza zote, hata ukiwa na netiweki. Gharama ya kuelekeza hukatwa kwenye laini yako ya zamani kama simu ya kawaida ya kwenda mtandao mwingine, kwa hivyo iwe na kredo. Bila kredo mteja ataambiwa tu hupatikani. Kufuta yote ni ##002#. Jaribu kwanza kwa kuweka laini ya zamani kwenye simu nyingine, uzime simu hiyo kwa kitufe, kisha ujipigie.